Kidirisha cha Bucha na Meza ya Bwana: Wakristo na Ubaguzi wa Kila Siku Kandokando ya Ziwa Mweru

Tunapofundishwa historia ya ubaguzi wa rangi katika Rodesia ya Kaskazini, mara nyingi tunaanzia juu: ardhi iliyotwaliwa, kodi, na Shirikisho la 1953 ambalo Waafrika walilikataa na likaundwa vivyo hivyo. Lakini ubaguzi uliomkuta mtu kila siku ulikuwa mdogo kuliko hayo. Ulikuwa na ukubwa wa kidirisha. Lusaka na katika miji ya migodi ya Copperbelt, maduka mengi ya Wazungu hayakumruhusu Mwafrika kuingia kwa mlango wa mbele. Alizunguka ubavuni, akasimama juani mbele ya tundu lililotobolewa ukutani, akatoa pesa yake na kupokea nyama iliyokwisha kufungwa, ambayo hakuichagua. Muuzaji alimwita "boi" hata akiwa na mvi.

Insha hii inauliza Wakristo walifanya nini mbele ya kidirisha kile. Hawakubishana sana juu ya fundisho, kwa kuwa karibu kila mhubiri alikubali kwamba watu wote ni watoto wa Mungu mmoja. Walitengana walipofika mezani.

Mtu anaweza kushangaa kwa nini habari ya Lusaka na Kitwe iandikwe kutoka Kafutuma. Sababu ni ziwa lenyewe. Mapatano ya 1894 kati ya Uingereza na Dola Huru ya Kongo yalipitisha mpaka ndani ya Mweru, lakini ukoo mmoja uliendelea kuwa na watu Nchelenge na watu Kilwa ya ng'ambo. Vijana wa pande zote mbili walikwenda kutafuta kazi migodini, wengine Copperbelt, wengine Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi. Samaki wa Mweru nao walisafirishwa kwenda kulisha wachimbaji. Waliorudi nyumbani walileta baiskeli, blanketi, na habari za kidirisha. Katika Elisabethville walikuta hata ardhi tupu iliyoachwa makusudi kati ya mji wa Wazungu na mtaa wa Waafrika, na sababu iliyotolewa ilikuwa afya. Neno hilo, afya, tulishike, maana tutakutana nalo tena.

Ni haki pia kusema kwamba dharau ya mtu kwa mtu haikuletwa hapa na Mzungu peke yake. Kiswahili hiki ninachoandika kilifika ziwani pamoja na misafara ya pembe na watumwa. Msiri wa Bunkeya aliuza watu, na wafanyabiashara kutoka pwani walinunua. Baada ya Msiri kuuawa mwezi Desemba 1891, Dan Crawford, mmishenari wa Plymouth Brethren, aliondoka Bunkeya na baadaye akajenga Luanza, kwenye ufuo wa magharibi wa Mweru. Wakimbizi na watu waliotoka utumwani walimkusanyikia, na jina alilopewa, Konga Vantu, lina maana ya mkusanya watu. Mwaka 1912 alitoa kitabu alichokiita *Thinking Black*, yaani kufikiri kama mtu mweusi. Jina hilo peke yake lilikuwa shtaka kwa Wazungu wenzake, walioamini kwamba huku hakuna fikra ya kujifunza. Hata hivyo Luanza ilibaki mji wa baba mmoja mweupe na watoto wengi weusi. Naona Crawford alifika nusu ya njia, na nusu ile haikuwa ndogo kwa wakati wake.

Huko migodini mambo yaligeuka kwa namna ambayo wamishenari hawakuitazamia. Kabla hawajatumwa kufanya kazi Copperbelt, Wakristo Waafrika waliotoka vituo mbalimbali walikwisha kuanzisha wenyewe Kanisa la Muungano huko Ndola katika miaka ya 1920. Walichangishana, walichagua wazee wao, wakahubiri. Wazungu walisali kwingine. Kwa hiyo mji mmoja ulikuwa na Injili moja na makanisa mawili, na sababu zilizotajwa zilikuwa lugha, desturi na usafi. Lugha ilikuwa sababu ya kweli. Mtu hawezi kuungama dhambi kwa lugha asiyoijua. Zile nyingine mbili sizikubali. Mpishi Mwafrika alipika chakula cha familia ya Mzungu, yaya alimlisha mtoto wao kwa mkono wake, na hakuna aliyehofia usafi. Hofu ilianza pale mpishi alipotaka kuketi.

Kenneth Kaunda alizaliwa mwaka 1924 Lubwa, karibu na Chinsali, mtoto wa mchungaji David Kaunda aliyetoka Nyasaland. Katika kitabu chake cha 1962, *Zambia Shall Be Free*, anasimulia jinsi alivyoingia duka la dawa Mufulira kwa mlango wa Wazungu, kwa makusudi ya kuujaribu ubaguzi, akatolewa. Mwaka 1954 chama cha ANC kiliongoza mgomo dhidi ya bucha za Lusaka. Kaunda aliacha nyama nyekundu, na hakuirudia hata alipokuwa rais ambaye angeweza kuletewa ng'ombe mzima. Wengine huona hilo kama tabia ya ajabu ya mtu mmoja. Mimi naliona kama mfungo. Mkristo aliyelelewa Lubwa alijua kufunga, naye alifunga kile kilichopitishwa kidirishani.

Mfano wa Biblia unaolingana zaidi na kidirisha, kwa maoni yangu, uko katika Wagalatia sura ya pili. Petro alikula pamoja na watu wa mataifa kule Antiokia. Watu wa Yakobo walipofika, akajitenga kwa hofu, na hata Barnaba akachukuliwa. Petro hakukana neno lolote la imani. Aliondoka mezani tu. Paulo alimpinga mbele ya wote, wala hakungoja wawe faragha.

Aliyefanya kazi ya Paulo Copperbelt alikuwa Colin Morris, Mmethodisti kutoka Uingereza, aliyefika Chingola mwaka 1956. Aliwahubiria Wazungu wake juu ya ubaguzi mpaka wengi wakaliacha kanisa lake. Wapo waliosema mchungaji mwenye hekima angewabakiza kwanza, awabadilishe polepole. Hoja hiyo ina uzito, lakini inasahau wale waliokuwa wamekwisha kuondolewa kabla yao, ambao hakuna aliyehesabu kutokuwepo kwao. Tarehe 16 Januari 1965 Kanisa la Muungano la Zambia lilizaliwa Mindolo, Kitwe, na Morris akawa rais wake wa kwanza.

Ng'ambo ya ziwa kazi kama hiyo ilifanyika kwa Kiswahili. Placide Tempels, Mfransisko Mbelgiji, aliandika mwaka 1945 kwamba Wabantu wana falsafa yao, na askofu wake hakufurahi. Tangu 1953, akiwa Kolwezi, ilikua kwake Jamaa: watu wa migodini na mapadri waliokutana kuzungumza juu ya uzima, uzazi na mapendo, wakiitana baba na mama. Baadaye maaskofu waliitilia shaka Jamaa, tena si bila sababu. Lakini fikiri mchimbaji aliyeitwa "boi" kazini tangu asubuhi, kisha jioni padri Mzungu anamwita baba.

Kwetu habari haijaisha. Tangu 2017 watu waliokimbia vita vya Haut-Katanga na Tanganyika walipokewa Kenani, na mwaka 2018 makazi ya Mantapala yakafunguliwa katika wilaya hii ya Nchelenge. Miongoni mwa vita walivyovikimbia ni vile vya Waluba na Watwa, na kabla ya mishale palikuwa na kikombe: Mtwa hakunywa katika kikombe cha jirani yake, na ukiuliza kwa nini, utaambiwa usafi. Sisi wa ufuoni nasi husema "Mukongomani" kwa sauti ambayo si ya kutaja nchi, ingawa bibi zetu wengi walizaliwa ng'ambo.

Daftari za kanisa huandika waliobatizwa, waliooana na waliozikwa. Haziandiki nani alikula na nani kwenye harusi, wala nani alipelekewa sahani nje. Hilo litapatikana kwa kuwauliza walio hai, Kafutuma na Mantapala, kwa Kibemba na kwa Kiswahili, wangali wapo.