Mkono Uliozoea Kabureta

Injini ikifungwa nozo kubwa kuliko za kiwandani, ikaanza kutoa moshi mweusi, dawa inayotajwa haraka gereji, Sombetini, Arusha, kama kwingineko, ni kushusha presha ya mafuta. Wako wanaoiita kubahatisha. Mimi naiona kuwa urithi wa kabureta, na Arusha urithi huo ulikuwa na sababu. Mji uko mita 1,400 hivi juu ya bahari, na mgandamizo wa hewa yake ni pungufu ya ule wa Dar es Salaam kwa karibu asilimia 15. Kabureta haina habari na hilo: jeti iliyopimwa kwa hewa ya pwani humwaga mafuta kupita hewa iliyopo, plagi zikashika masizi. Gari lililopanda kutoka pwani lilihitaji jeti ndogo na skurubu ya kuguswaguswa mpaka injini itulie. Huo haukuwa ubabaishaji, ulikuwa ufundi. Hata Peugeot 404 za nozo, ambazo Bert Shankland wa Tanzania alishindia Safari Rally ya 1966 na ya 1967, zilikuwa na pampu ya Kugelfischer, ambamo kipimo cha mafuta kiliamuliwa na chuma, si umeme. Mwaka huohuo wa 1967 Bosch walitoa D-Jetronic, iliyopima mgandamizo wa hewa inayoingia kwenye injini na kuamua nozo ifunguke kwa muda gani. Mlima ukawa kazi ya umeme, mkono haukuambiwa.

Mtetezi wa kushusha presha atasema komputa nyingi za magari ya mtumba kutoka Japani hazifunguki kirahisi, na geji ya presha ni bei ndogo. Kweli, na kwa tofauti ndogo njia hiyo inafaa. Ila mafuta yanayopita kwenye nozo hufuata kipeuo cha pili cha presha: nozo zilizozidi kwa asilimia 30 zitarudi kwenye kipimo cha zamani pale tu presha itakaposhuka, tuseme, kutoka paundi 43 hadi 25. Hapo mafuta hayatoki ukungu tena, yanatoka matone. Na hata yote yakienda sawa, injini inapata mafuta yaleyale ya awali: umenunua bomba kubwa, kisha ukalibana. Presha ibaki pale kiwanda kilipoiacha, komputa ndiyo iambiwe habari ya nozo mpya. Gari ambalo komputa yake haifunguki, saizi yake ni nozo za kiwandani.