Mfuko wa Pamoja: Historia ya Dau la Parimutueli katika Viwanja vya Farasi vya Dallas na Houston

Historia ya kamari ya mbio za farasi katika jimbo la Texas ni historia ya mfuko mmoja wa fedha, na ya watu ambao sheria iliwaruhusu au iliwakataza kuuchangia. Mfumo wa parimutueli, ambao ndio unaokubaliwa na sheria za jimbo hilo, haumkutanishi mchezaji na kampuni iliyokwisha kupanga malipo yake, bali humkutanisha na wachezaji wenzake: fedha zote za dau la aina moja huwekwa pamoja, mwenye uwanja na serikali hutoa makato yao, na kiasi kinachobaki hugawanywa kwa waliobashiri sawasawa. Msomaji wa Afrika Mashariki aliyezoea mkeka wa soka, ambao odi zake hupangwa na kampuni na hazibadiliki tangu tiketi ikatwe, atauelewa mfumo huu vizuri akiufikiria kama upatu ambao mpokeaji wake huamuliwa na miguu ya farasi, na ambao mwenye kuutunza hula sehemu yake kwanza, haidhuru nani ameshinda.

Mfumo huu ulizaliwa Paris katika miaka ya 1860, kwa ubunifu wa Joseph Oller, mfanyabiashara aliyezaliwa Catalonia ambaye baadaye alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa ukumbi wa Moulin Rouge. Kabla yake, mbio za farasi zilitawaliwa na wapokea dau, yaani watu binafsi waliotangaza odi zao wenyewe na kulipa kutoka mifukoni mwao, jambo lililowapa sababu ya kutamani farasi fulani ashindwe na, mara nyingine, njia ya kuhakikisha kwamba anashindwa. Oller alimwondoa mtu huyo katikati. Kwa kuwa mtunza mfuko hupata makato yaleyale kwa kila matokeo, hana faida yoyote katika ushindi wa farasi mmoja dhidi ya mwingine, na ndiyo maana Ufaransa, baada ya kumshtaki Oller kwa kuendesha kamari, iliishia mwaka 1891 kuufanya mfumo wake kuwa njia halali ya kubashiri viwanjani.

Nchini Marekani mfumo huo ulipata nguvu mwaka 1908, pale wapokea dau walipozuiwa mjini Louisville na uwanja wa Churchill Downs ukalazimika kutumia mashine za parimutueli katika mbio za Kentucky Derby, ambako tiketi ya dola 5 juu ya farasi Stone Street ililipa dola 123.60. Miaka mitano baadaye, katika uwanja wa Ellerslie mjini Auckland, mhandisi George Julius alifunga mtambo wa kwanza wa kujumlisha dau unaojiendesha wenyewe, uliojulikana kama totalizeta, na tangu hapo hesabu iliyokuwa ikifanywa na makarani wengi kwa kalamu na karatasi ikaanza kufanywa na mashine mbele ya macho ya umma.

Hesabu yenyewe ni rahisi, na kuielewa ni sharti la kuielewa historia inayofuata. Ikiwa mfuko wa dau la mshindi, yaani dau la kumtaja farasi atakayemaliza wa kwanza, una dola 10,000, na makato ni asilimia 18, basi dola 8,200 ndizo zinazorudi kwa wachezaji. Ikiwa dola 2,300 kati ya fedha hizo zilikuwa zimewekwa juu ya farasi aliyeshinda, kila dola moja inastahili dola 3.56 na kitu. Lakini kwa desturi ya viwanja malipo hushushwa hadi senti kumi kamili iliyo chini yake, kwa hiyo kila dola hulipwa dola 3.50, na tiketi ya dola 2 hulipwa dola 7. Senti zinazoachwa njiani huonekana ndogo mkononi mwa mtu mmoja, ila katika mfano huu zimefika dola 150 kwa mbio moja tu. Ni muhimu pia kufahamu kwamba tarakimu zinazowaka ubaoni kabla ya mbio si ahadi, kwa sababu kila tiketi mpya inayokatwa hubadilisha mgawo wa mfuko, na malipo ya mwisho hujulikana tu baada ya madirisha kufungwa na fedha zote kuhesabiwa.

Mbio za farasi zilikuwa sehemu ya maisha ya Texas tangu zama za walowezi na wachunga ng'ombe, lakini mwanzoni mwa karne ya 20 Bunge la jimbo lilipiga marufuku kamari viwanjani, na viwanja vingi vikadhoofika kwa kukosa chanzo cha zawadi za washindi. Aliyekataa kuikubali hali hiyo alikuwa W. T. Waggoner, mfugaji na tajiri wa mafuta, ambaye mwaka 1929 alifungua uwanja wa Arlington Downs katika shamba lake lililokuwa kati ya Dallas na Fort Worth, kwa gharama iliyotajwa kufikia takriban dola milioni 3. Uwanja huo ulijengwa kabla ya sheria kuuruhusu kuishi, na Waggoner alitumia miaka iliyofuata akishinikiza sheria ibadilishwe. Mdororo mkuu wa uchumi ndio uliomsaidia: mwaka 1933, hazina ya jimbo ikiwa na njaa ya mapato, wabunge walikiambatanisha kifungu cha kuhalalisha parimutueli na muswada wa matumizi ya serikali, na hivyo kikapita pamoja na bajeti badala ya kusimama peke yake mbele ya wapinzani wake.

Matokeo yalionekana mara moja. Arlington Downs ilivuta umati kutoka miji yote miwili iliyoizunguka, na mwaka huohuo wa 1933 uwanja wa Epsom Downs ukafunguliwa Houston, na baadaye San Antonio nayo ikapata uwanja wake wa Alamo Downs. Hata hivyo, ruhusa iliyopatikana kwa kujificha ndani ya muswada mwingine haikuwa imepata ridhaa ya jamii, na makanisa ya Kiprotestanti, yaliyokuwa na sauti kubwa katika siasa za Texas, hayakuacha kuipinga. Waggoner alifariki Desemba 1934, na mwaka 1937 Gavana James V. Allred aliliita Bunge katika kikao maalumu ambacho kilifuta sheria hiyo. Viwanja vilivyotegemea mfuko wa pamoja vilikosa pumzi mara mfuko huo ulipopigwa marufuku. Arlington Downs ilibaki ikitumika kwa shughuli nyingine, ikiwemo mashindano ya magari, hadi majengo yake yalipobomolewa mwaka 1958.

Nusu karne iliyofuata ilidhihirisha kwamba marufuku yaliweza kuufunga mfuko bila kuiua mbio yenyewe. Mwaka 1940 Chama cha Farasi wa Robo Maili cha Marekani kiliundwa Fort Worth kwa ajili ya kulinda na kusajili uzao wa farasi wenye kasi kubwa katika masafa mafupi, uzao uliopendwa sana na wafugaji wa Texas. Mwaka 1946 farasi Assault, aliyezaliwa na kukuzwa katika ranchi ya King Ranch kusini mwa jimbo, alishinda mbio tatu kuu za Marekani ingawa kwato yake moja ilikuwa imelemaa tangu utotoni. Farasi, wakufunzi na wapanda farasi walitoka Texas, ila dau juu yao likawekwa kwingine: wachezaji wa Houston walivuka mpaka kwenda Louisiana, ambako uwanja wa Delta Downs ulifunguliwa mwaka 1973 karibu kabisa na mpaka wa Texas, na wengine wakasafiri hadi New Mexico. Jimbo lililozalisha farasi likawa linachangia mifuko ya majirani, na makato ya mifuko hiyo yakajenga viwanja na zawadi za huko.

Safari ya kurudi ilichukua njia tofauti na ile ya 1933. Bunge lilipitisha Sheria ya Mbio ya Texas mwaka 1986, lakini safari hii uamuzi uliwekwa mikononi mwa wananchi, nao waliukubali katika kura ya maoni ya Novemba 1987. Tume ya Mbio ya Texas ilipewa kazi ya kutoa leseni na kusimamia hesabu. Uwanja wa Trinity Meadows, magharibi mwa Fort Worth, ulifunguliwa mwaka 1991 na haukudumu hata muongo mmoja. Uwanja wa mbio za mbwa wa Gulf Greyhound Park ulifunguliwa La Marque, kati ya Houston na Galveston, mwaka 1992. Uwanja wa Sam Houston ukafuata Houston mwezi Aprili 1994. Na Lone Star Park ikafungua milango yake Grand Prairie mwezi Aprili 1997, kilomita chache kutoka mahali ambapo Arlington Downs iliwahi kusimama.

Viwanja hivi vipya viliingia katika ulimwengu ambao dau la mshindi halikuwa tena kiini cha mchezo. Nafasi hiyo ilikuwa imeshachukuliwa na dau changamano, yaani dau linalomtaka mchezaji ataje zaidi ya jambo moja kwa tiketi moja. Kwinela hutaka wawili wa kwanza bila kujali mpangilio wao. Ekzakta huwataka wawili hao kwa mpangilio kamili. Trifekta huwataka watatu, na superfekta wanne. Kundi jingine huunganisha mbio mbalimbali, likimtaka mchezaji ataje washindi wa mbio mbili, tatu, nne au hata sita zinazofuatana. Katika mbio yenye farasi 10, ekzakta ina matokeo 90 yanayowezekana, trifekta ina 720, na superfekta ina 5,040. Mchezaji anayeogopa kukosea mpangilio anaweza kununua mipangilio yote ya farasi aliowachagua, lakini lazima ailipie: farasi watatu katika trifekta huzaa tiketi 6, na farasi wanne huzaa tiketi 24, ambazo kati yao ni moja tu inayoweza kushinda.

Ugumu huo ndio unaoleta malipo makubwa, kwa sababu mfuko mzima huweza kugawanywa kwa watu wachache mno, na katika baadhi ya dau za mbio nyingi, pasipotokea mshindi, sehemu ya fedha huhamishiwa siku inayofuata ili kuukuza mfuko mpya. Gharama yake haionekani kwa urahisi. Sheria ya Texas iliweka ukomo wa makato wa asilimia 18 kwa dau la farasi mmoja, asilimia 21 kwa dau linalohusisha wawili, na asilimia 25 kwa dau linalohusisha watatu au zaidi. Maana yake ni kwamba, pale makato yanapofikia ukomo, katika kila dola 100 za trifekta robo nzima hutoweka kabla ya mgawo kuanza, na mchezaji anayerudia dau hilo msimu baada ya msimu anahitaji kuwazidi wenzake kwa kiasi kikubwa ili asipate hasara. Uwanja wa Sam Houston ulipopunguza makato ya dau za mbio nyingi hadi asilimia 12, ulikuwa unakiri ukweli ambao wachezaji makini waliujua zamani: bei ya tiketi ya kamari ni makato, na bei hiyo inaweza kushushwa.

Uaminifu wa mfuko wenye sehemu nyingi ulijaribiwa vikali mwaka 2002, katika mashindano ya Breeders' Cup yaliyofanyika jimboni Illinois. Mtaalamu wa kompyuta ndani ya kampuni iliyoendesha mitambo ya kukusanya dau aliibadilisha tiketi ya mbio sita baada ya mbio nne za kwanza kumalizika, kwa sababu taarifa kamili za tiketi hazikuwa zikitumwa kwa uwanja mwenyeji hadi wakati huo. Udanganyifu ulijulikana kwa kuwa mshindi wa mbio ya mwisho, Volponi, alikuwa farasi ambaye karibu hakuna aliyemtegemea, na tiketi zote zilizopatia zilitoka kwa mtu mmoja. Mashindano hayohayo yalipofika Lone Star Park Oktoba 2004, ambako Ghostzapper alishinda mbio kuu, tasnia nzima ilikuwa imelazimika kutambua kwamba mfuko wa pamoja una usalama sawa na usalama wa waya unaousafirisha.

Miaka iliyofuata iliirudisha Texas kwenye swali lake la kale la kamari ipi iruhusiwe viwanjani. Majirani wake, Oklahoma na Louisiana, waliruhusu kasino viwanjani na kuzitumia kuongeza zawadi, hivyo farasi bora wakavutwa huko. Mwaka 2014 Tume ya Mbio iliidhinisha mashine zilizowawezesha wachezaji kuchangia mfuko juu ya mbio zilizokwisha kukimbiwa zamani, majina ya farasi yakiwa yamefichwa. Mahakama iliamua mwaka huohuo kwamba Tume imevuka mamlaka yake, mvutano wa fedha na Bunge ukavifanya viwanja vifungwe kwa siku moja Septemba 2015, na kanuni hizo zikafutwa mwaka 2016. Mwaka 2019 Bunge lilichagua njia nyingine, likielekeza hadi dola milioni 25 kwa mwaka kutoka kodi ya mauzo ya bidhaa za farasi ziende kwenye sekta hiyo. Kisha, Julai 2022, Tume ilikataa kukubali kwamba mamlaka mapya ya kitaifa ya usalama wa mbio yana nafasi ndani ya Texas, na kwa sababu hiyo viwanja vya jimbo havikuweza kutuma mbio zao kwa wachezaji wa majimbo mengine. Farasi waliendelea kukimbia kama kawaida, lakini dau liliporomoka, kwa kuwa sehemu kubwa ya mfuko ilikuwa ikichangiwa na watu ambao hawajawahi kukanyaga Houston wala Grand Prairie.

Tukio hilo la 2022 linafupisha fundisho la karibu karne nzima. Parimutueli ilibuniwa ili kuiondoa hila katika kamari, na kwa kiasi kikubwa ilifaulu, kwa sababu ilimnyima mtunza mfuko sababu ya kumdhulumu mchezaji katika matokeo. Haikumnyima nafasi ya kumtoza. Ukubwa wa makato, wigo wa wachangiaji na uwazi wa hesabu havikuamuliwa na hisabati ya Oller bali na mabunge, mahakama, tume na wapiga kura, na kila mara Texas ilipolisahau hilo, ama kwa kupitisha ruhusa kwa kificho mwaka 1933 ama kwa kujitenga na mifuko ya wengine, viwanja vyake ndivyo vilivyoumia. Nchi za Afrika Mashariki, ambazo leo zinatunga sheria za michezo ya kubashiri huku vijana wengi wakitumia kipato chao humo, zinaweza kujifunza kutoka Dallas na Houston kwamba swali la kwanza la sheria yoyote ya kamari linahusu kiasi gani kinachukuliwa kabla ya mgawo, kinachukuliwa na nani, na kama mtu anayekata tiketi ameelezwa hivyo kwa lugha anayoielewa.