Mali ya Wazee Wetu na Nyumba ya Kuiweka



Kila mwaka kitabu hiki hutoa hesabu ya fedha zilizoingia na zilizotoka. Safari hii twaomba nafasi ndogo tutoe hesabu ya namna nyingine, nayo ni ya mali tuliyoachiwa na wazee wetu hapa Kinakomba. Mali hiyo haimo katika daftari la mtunza hazina, wala haina stakabadhi. Ndiyo maana ikipotea hakuna aulizwaye.

Wanachama waliopata kufika Lamu wameiona nyumba kubwa iliyoelekea bahari. Ilijengwa mwishoni mwa karne ya 19, ikawa makao ya maofisa wa Kiingereza mpaka Kenya ilipojitawala mwaka 1963. Mwaka 1971 ikafunguliwa kuwa makumbusho. Hivyo nyumba ya mtawala ikageuka kuwa nyumba ya wenyeji. Ndani yake mna mifano ya majahazi, mapambo ya wanawake, na siwa, yaani baragumu kubwa lililopigwa zamani katika sherehe za wakuu wa mji. Mtoto wa Lamu akiuliza siwa ni nini, baba yake humshika mkono akampeleka kuiona.

Je, mtoto wa Kinakomba akiuliza ngadji ni nini, tumpeleke wapi? Ngadji ni ngoma kuu ya Wapokomo, alama ya enzi na ya ibada. Mwanzoni mwa karne ya 20 maofisa wa Kiingereza waliichukua, na mwaka 1908 ikaingia katika Makumbusho ya Uingereza mjini London. Huko haikuwekwa mbele ya watazamaji, bali ghalani. Mwaka 2016 mtu wa ukoo wa kifalme wa Wapokomo alikwenda London akaonyeshwa, baada ya miaka zaidi ya mia moja. Sisi twaungana na wote wanaotaka irudi. Lakini na tuulizane wenyewe kwa wenyewe: ikirudi kesho, italala wapi?

Yako mambo yanayotupa udhuru. Watu wa Lamu walijenga kwa mawe na chokaa, na nyumba zao huishi kuliko wajukuu. Sisi tumejenga kwa miti, udongo na nyasi, tena kando ya mto usiokaa mahali pamoja. Mafuriko ya mwaka 1961 na ya mwaka 1997 yangali yakisimuliwa. Kwa jirani zetu wa Hola, mradi wa kumwagilia mashamba ulioanzishwa mwaka 1953 ulisimama mwaka 1989, kwa kuwa mto uliacha njia yake na mashine zikakosa maji ya kuvuta. Mto Tana hutulisha kwa mkono mmoja na kutunyang'anya kwa mwingine. Kwa hiyo sisi hatuna nyumba kuukuu. Tulichonacho ni vitu vya kubebeka, kama vile ngoma, mizinga ya nyuki, mitego ya samaki na makasia, pamoja na maneno ya wazee.

Mtu asiyadharau maneno. Wimbo wa Taifa letu ulitokana na wimbo wa mama wa Kipokomo wa kumbembeleza mtoto. Mama hakuwa na nyumba ya mawe. Aliuweka kinywani, nao ukafika kwa taifa zima. Lakini neno lisilorithiwa huzikwa pamoja na msemaji. Tarehe 3 Machi 1959 wafungwa 11 waliuawa kwa kupigwa katika kambi ya Hola, na serikali ya siku zile ilitangaza kwanza ya kwamba walikufa baada ya kunywa maji. Waliokuwa watu wazima mwaka ule, wakaishi karibu na kambi, leo wamebaki wachache sana. Ni nani kati yetu amekaa nao akaandika?

Basi, chama chaleta maombi manne mbele ya wanachama. La kwanza, tutafute chumba kimoja imara mahali pa juu, pasipofikiwa na maji. Nyumba kubwa itangoja. La pili, kila kijiji kiandike orodha ya vitu vyake vya kale, jina la kila kitu kwa Kipokomo, kazi yake na nani alikitengeneza. Mwenye kitu atabaki mwenyewe. Chama kitakuwa mtunzaji tu. La tatu, vijana waliosoma waende kwa bibi na babu zao, waandike wanayoambiwa bila ya kuyapamba. La nne, mtu asimwuzie mpita njia kitu cha ukoo kabla ya kuwauliza wazee.

Twajua ya kwamba wako wazee wenye hofu kuwa mambo ya siri yatatolewa hadharani. Hofu hiyo ni ya haki. Wazee wa gasa ndio watakaosema lipi lionyeshwe na lipi lisionyeshwe, na neno lao litakuwa la mwisho.

Ngadji ilichukuliwa na wenye nguvu, na lawama ni yao. Vitakavyoozea darini mwetu, lawama yake tutaibeba sisi.