Hitilafu za maji moto bafuni

Hitilafu za maji moto bafuni ni matatizo yanayofanya maji ya kuogea yatoke kwa nguvu ndogo, yawe vuguvugu tu, au yabadilike ghafla kati ya moto na baridi. Chanzo chake huweza kuwa katika shinikizo la maji, katika umeme au gesi, au katika hita yenyewe. Mara nyingi chanzo kinaweza kutambuliwa bila vifaa maalumu, lakini matengenezo ya umeme na gesi ni kazi ya fundi, kwa sababu kosa dogo bafuni linaweza kuua.

## Aina za hita

Katika nyumba za Afrika ya Mashariki, hasa kwenye nyanda za juu zenye baridi kama Nairobi, Arusha na Mbeya, hutumika zaidi aina nne za hita:

* Shawa ya umeme: kichwa cha shawa chenye waya wa kupashia moto ndani yake. Maji hupashwa papo hapo yanapopita. Aina hii imeenea sana pia nchini Brazil.
* Hita ya tangi: tangi lililofunikwa kwa kizuia joto, lenye elementi ya umeme na themostati. Maji hupashwa na kuwekwa akiba.
* Hita ya gesi: maji hupita katika bomba lililozungushwa juu ya moto wa gesi.
* Hita ya jua: vibamba au mirija juu ya paa hupasha maji kwa joto la jua na kuyahifadhi tangini. Mwaka 2012 Kenya ilitoa kanuni zilizotaka majengo yanayotumia zaidi ya lita 100 za maji moto kwa siku yafungwe hita za aina hii.

## Uhusiano wa mtiririko na joto

Hita ya papo hapo ina nguvu yenye kikomo. Ili kupandisha joto la lita moja ya maji kwa digrii moja ya sentigredi, zinahitajika kilojuli 4.2 hivi. Shawa ya wati 5,000 hutoa kilojuli 300 kwa dakika. Ikiwa maji yanaingia yakiwa na 18 °C, matokeo huwa takriban hivi:

* lita 2 kwa dakika: 54 °C, ni moto mno kwa kuoga
* lita 3 kwa dakika: 42 °C, yanafaa
* lita 5 kwa dakika: 32 °C, ni vuguvugu

Kwa hiyo maji yakiongezeka, joto hupungua. Ndiyo maana watu wengi hupunguza koki ili wapate maji moto zaidi. Lakini shawa hizi zina swichi inayosukumwa na shinikizo la maji. Koki ikifungwa mno, swichi hujizima na maji huwa baridi ghafla. Mwogaji akifungua tena, hita huwaka upya. Hali hii ya kuwaka na kuzima ndiyo sababu ya kawaida ya maji kubadilikabadilika.

## Sababu za kawaida

### Shinikizo dogo la maji

Tangi la juu ya nyumba hutoa shinikizo kulingana na kimo chake. Kila mita 10 za kimo ni sawa na takriban bar 1, hivyo tangi lililo mita 2 juu ya shawa hutoa bar 0.2 tu. Shinikizo hilo huenda lisitoshe kuwasha hita. Shinikizo hupungua zaidi ikiwa koki kuu haijafunguliwa yote, bomba ni jembamba au lina kutu, hewa imenaswa ndani ya bomba, au mtu mwingine amefungua maji jikoni wakati huohuo.

### Uchafu na ukoko

Mchanga hujaa katika chujio la mahali maji yanapoingilia, na ukoko wa chokaa huziba matundu ya shawa. Maji ya visima mara nyingi huwa na chumvi nyingi kuliko maji ya mto. Ukoko ukifunika elementi, joto huchelewa kufika kwenye maji na elementi huungua mapema.

### Umeme hafifu

Nguvu ya elementi hufuata mraba wa volti. Umeme ukishuka kutoka volti 240 hadi 200, shawa ya wati 5,000 hutoa wati 3,500 hivi tu. Katika mfano wa hapo juu, maji ya 42 °C yangeshuka hadi kama 35 °C. Ikiwa maji hupoa jioni, wakati majirani wote wanapika na kuwasha taa, umeme hafifu ni chanzo cha kushukiwa.

### Hitilafu za hita ya tangi

Maji yakitoka moto kwa muda mfupi kisha yakapoa, huenda tangi ni dogo kwa mahitaji ya nyumba. Lita 50 za maji ya 60 °C zikichanganywa na lita 50 za maji ya 20 °C hutoa lita 100 za 40 °C. Kwa shawa ya lita 8 kwa dakika, hizo huisha kwa dakika 12 hivi. Tangi lililokuwa likitosha zamani likianza kuishiwa upesi, huenda elementi imeungua, themostati imeharibika, au mrija unaopeleka maji baridi chini ya tangi umevunjika, hivyo maji baridi yanachanganyika na ya moto juu.

### Koki ya kuchanganyia

Pale maji baridi yanapotoka moja kwa moja kwenye bomba la mtaa na maji moto yanatoka tangi la paani, shinikizo lake hutofautiana. Upande wenye nguvu huusukuma ule dhaifu, na maji moto hukatika. Dawa yake ni kulisha pande zote mbili kutoka tangi moja.

## Namna ya kutafuta chanzo

1. Fungua koki ya maji baridi bafuni. Ikiwa nayo ni dhaifu, tatizo ni la maji kwa jumla na si la hita.
2. Fungua maji moto mahali pengine nyumbani. Yakitoka vizuri huko, tatizo liko kwenye shawa au koki ya bafuni.
3. Zima umeme kwenye swichi kuu, kisha fungua kifuniko cha matundu ya shawa na ukiloweke katika siki kwa saa kadhaa. Safisha pia chujio.
4. Angalia saa ambazo tatizo hutokea. Likija jioni tu, linganisha na mwanga wa taa: taa za balbu za kawaida zikififia, umeme ni hafifu.
5. Oga huku koki nyingine zote zimefungwa. Maji yakitulia, tangi liinuliwe, bomba lipanuliwe, au pampu ndogo ifungwe.
6. Maji yakipita kwa nguvu lakini yakabaki baridi kabisa, elementi huenda imekatika. Fundi umeme aipime na kuibadilisha.

## Usalama

Shawa ya wati 5,000 huvuta takriban ampea 21. Haifai kuunganishwa kwenye soketi ya kawaida ya ampea 13. Huhitaji waya wake mnene, swichi yake, waya wa ethi, na kikatizo cha mvujo wa umeme cha miliampea 30. Mtu anayehisi "kuchomwachomwa" na umeme anaposhika koki anapaswa kuacha kuoga, kuzima swichi kuu na kuita fundi. Mtetemo huo si jambo la kuzoea. Mahali penye maji ya chumvi, kama visima vingi vya pwani, umeme hupita kwa urahisi zaidi katika maji, na inafaa kutumia shawa iliyotengenezwa kwa maji ya chumvi.

Hita ya gesi haipaswi kufungwa ndani ya bafu lisilo na hewa ya kutosha. Moto unaokosa hewa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua. Kichwa kuuma, kizunguzungu au kichefuchefu wakati wa kuoga ni dalili ya kutoka nje mara moja.

Tangi huwekwa kwenye 60 °C ili bakteria wa *Legionella* wasistawi. Hata hivyo maji ya joto hilo huunguza ngozi ya mtu mzima kwa sekunde 5 hivi, na ya mtoto upesi zaidi. Kwa hiyo yachanganywe na maji baridi kabla ya kufika kwenye shawa, na mtoto asiingizwe majini kabla mkono wa mtu mzima haujayapima.