Mituweli ya Rwanda: mkimbizi wa kwetu anavyotibiwa

Jamaa nyingi za Masisi na Walikale zina watu wao Rwanda. Wanaoishi kambini, kama Kigeme iliyofunguliwa 2012, huanzia katika kituo cha afya cha kambi. Kwa wanaoishi mjini, HCR na RSSB, shirika la serikali linalosimamia bima, walipatana 2019 waingizwe katika mituweli, bima ile ile wanayotumia wananchi.

Namna ya kuitumia:

1. Kadi ya ukimbizi isiwe imepitwa na wakati, na majina ya watoto yawe yameandikwa.
2. Anzia kituo cha afya. Hapo mgonjwa hulipa faranga 200.
3. Ugonjwa ukizidi, kituo humpa barua ya kumtuma hospitali ya wilaya. Huko hulipa 10% ya gharama.
4. Mwaka wa mituweli huanza Julai.

Kwenda hospitali moja kwa moja bila barua, pasipo hatari ya ghafla, kunamwachia mgonjwa gharama yote. Ndipo ndugu waliobaki kijijini huuza mbuzi, hata shamba. Basi simu ikilia usiku, tuulize kwanza: kadi iko? Barua iko? Halafu tuchange, na tuombe.