Samaki Mwenye Jina la Daktari

Matema, wilayani Kyela, milima ya Livingstone inapozama Ziwa Nyasa, sokoni watu huulizia usipa na mbasa. Mbuna, samaki wadogo wa mawe, hawana bei kubwa. Mmoja wao, mwenye pua iliyofunika mdomo, hukwangua mwani kwenye miamba. Kitaalamu anaitwa Labeotropheus fuelleborni.

Mwenye jina nilikutana naye nikiandika tasnifu ya uzamili kuhusu Wajerumani mwambao wa Nyasa. Friedrich Fülleborn alikuwa daktari wa jeshi la kikoloni, akakaa Langenburg mwishoni mwa karne ya 19. Alikusanya samaki, akapiga picha, akapima miili ya watu. Mwaka 1926 Ernst Ahl akampa samaki huyu jina la daktari. Mvuvi hayumo katika jina hilo.

Miaka ya 1960 mbuna walianza kusafirishwa wakiwa hai kutoka Malawi hadi matangi ya vioo ya Ulaya na Marekani. Wafugaji wa huko wanajua masharti: maji magumu yenye alkali, joto la nyuzi 24 hadi 26, mawe ya kujificha, chakula cha mimea. Akizidishiwa nyama, huvimba tumbo na kufa.

Masharti hayo ni ziwa letu lililoandikwa kwa vipimo. Samaki hakulisahau, hata akizaliwa sebuleni Berlin. Kwangu, hiyo ndiyo kumbukumbu ambayo jina lake lilishindwa kuitunza.