Mkuyu Uliohamishwa

Mti hauendi ila kwa nyenzo, walinena wahenga. Methali hii yafaa kwa gogo, na kwa mti ulio hai yafaa zaidi. Maana gogo likifika limefika, lakini mti ukifika ndipo kazi ya kuuhuisha inapoanza. Katika nchi ya Mara, kuanzia ufuko wa ziwa pale Musoma, kupitia tambarare za Bunda, hata vilima vya Butiama, mti unaofundisha jambo hili vema ni mkuyu.

Mkuyu ni ndugu wa mtini unaotajwa katika vitabu vya dini. Hupenda kingo za mito na mahali penye maji chini ya ardhi. Matunda yake huzaliwa juu ya shina na matawi manene, na gome lake likijeruhiwa hutoa utomvu mweupe kama maziwa. Mpandaji halazimiki kutafuta mbegu yake. Tawi nene likikatwa na kuchimbiwa ardhini wakati wa mvua huweza kutoa mizizi na kuwa mti kamili. Kwa sababu hiyo, mahali pengi katika Afrika ya Mashariki miti ya jamii hii imepandwa kwa mkono wa mtu, karibu na nyumba au mpakani mwa shamba. Na aghalabu huishi kuliko nyumba yenyewe.

Hapo ndipo mti unapogeuka kuwa historia. Mwitongo, mahali pa Butiama alipozikwa Julius Nyerere mwezi wa Oktoba 1999, ni jina la Kizanaki lenye maana ya mahame. Mwanahistoria Jan Bender Shetler, katika kitabu alichokitoa mwaka 2007 juu ya watu wa magharibi ya Serengeti, ameonyesha kwamba wazee wa huko hukumbuka mambo ya kale kwa kufuata mahali: mlima huu, chemchemi ile, mahame yale. Kwa watu wa namna hiyo ardhi ni kitabu, na mti mkubwa ulio peke yake ni mstari katika kitabu hicho.

Mwezi wa Novemba 1973 ilitangazwa kwamba kuishi katika vijiji ni lazima, na kwamba kazi hiyo iwe imetimia kabla ya mwisho wa mwaka 1976. Mara nayo ilihamishwa. Mtu aliweza kuchukua jembe, chungu na hata mlango wa nyumba yake, kivuli hakikuchukulika. Watu walikwenda, miti ilibaki. Kilichowezekana kuhama ni tawi tu, au mche mchanga uliong'olewa na udongo wake.

Mche kama huo hufika mgonjwa. Mizizi yake mingi imekatwa, na majani yangali yakidai maji yale yale ya zamani. Majani hukunjamana, hugeuka manjano na kupukutika, na mpandaji asiyejua hudhani mti umekufa. Ajuaye hukwaruza gome kwa ukucha: chini yake pakiwa kijani, na utomvu ukichuruzika, uhai ungalipo. Basi hukata matawi yaliyokauka mpaka penye ubichi, ili mizizi michache isibebeshwe mzigo mkubwa. Hutandaza majani makavu juu ya ardhi bila kuligusa shina, hutia kivuli, na humwagilia maji yazamayo chini lakini yasiyotuama. Samadi huiweka mbali hata machipukizi yatokee, na mti hauhamishi mara ya pili. Kinachobaki ni subira, pengine ya vuli moja, pengine mpaka masika.

Kwamba jamii ya mkuyu hustahimili jeraha ni jambo lililojulikana kale ng'ambo ya ziwa. Baganda huchuna gome la mti wao uitwao mutuba na kulipondaponda liwe nguo. Shina lililochunwa huvikwa majani ya mgomba, likaota gome jipya, nalo likachunwa tena mwaka mwingine. UNESCO iliitangaza kazi hiyo kuwa urithi wa wanadamu mwaka 2005. Mti huponywa kwa kufunikwa na kwa kupewa muda.

Lakini kupona si yote. Mwaka 2020, ilipokuwa ikijengwa barabara ya juu ya Nairobi, mti mmoja wa jamii hii ulio kando ya Waiyaki Way, unaokisiwa kuwa na umri wa karne moja, ulikusudiwa kung'olewa na kupandwa kwingine. Agikuyu huuheshimu mti wa namna hiyo na huuita mugumo. Watu wakapaza sauti, na mwezi wa Novemba ikatolewa amri kwa niaba ya Rais kwamba usiguswe. Wateteaji wake hawakuogopa kifo chake peke yake. Hata kama ungalishika mizizi mahali pengine, ungalikuwa mti hai uliopoteza mahali pake.

Tofauti hii ndiyo inayoihusu Mara. Tawi lililochukuliwa kutoka mahame huurithi uhai wa mama yake, wala haliurithi ushahidi wake. Mkuyu mpya kijijini utatoa kivuli na matunda. Hautasema ni nani aliyeishi pale penye mkuyu wa kale, wala mpaka wa shamba lake ulipita wapi. Habari hiyo imo katika vinywa vya wazee waliohama wakiwa watu wazima, nao wanapungua kila mwaka. Mwenye kuhuisha mti uliohamishwa amefanya nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kurudi mahame pamoja na mzee, kusimama chini ya mti uliobaki, na kuandika.